Mtori wa Bibi Margareta

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hellen alikuwa na kazi moja aliyoipenda na nyingine aliyoiogopa. Aliyoipenda ilikuwa kuwakatia mbuzi majani. Aliyoiogopa ilikuwa kumpelekea mama yake bakuli la mtori na kusimama mlangoni mpaka liishe, kama Bibi alivyoagiza.

Mama yake, Kornelia, alikuwa ametibiwa saratani ya matiti katika hospitali moja mjini Moshi. Alipasuliwa, akapewa dawa, kisha akapanda mlimani, kijijini Uru, kwa mama yake mzazi, Bibi Margareta, ili auguzwe. Bibi alimuuguza kwa namna aliyoijua, yaani alimlisha kama mwanamke aliyetoka kujifungua. Ndizi na nyama vilipondwa pamoja kuwa mtori, mafuta ya ng'ombe yakielea juu. Jembe asiguse, uani asitoke. Majirani walimsifu Kornelia kwa kunawiri. Kunenepa alinenepa kweli, lakini chumba alimolala kilimtisha Hellen, kwani kilikuwa chumba cha mzazi kisicho na mtoto.

Tusimcheke Bibi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kitanda alicholalia Kornelia ndicho alichofia Grace, dada yake Kornelia, kwa ugonjwa uleule, akiwa amekonda hadi pete ikawa inamtoka kidoleni. Kaburi lake lilikuwa nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Siku nyingine Bibi alijisahau akasema, "Grace, kula mwanangu." Kornelia hakumsahihisha. Aliinama tu akala, na Hellen akahisi kana kwamba humo chumbani kuna mtu mwingine anayekula pamoja nao.

Siku ya kliniki walikwenda wote watatu. Daktari Rukaiya alimpima Kornelia uzito, akauandika kwenye faili.

"Mama Hellen, nilikuomba upunguze mafuta na utembee kila siku. Unafanya hivyo?"

"Ninafanya, daktari," Kornelia alijibu bila kuinua macho. "Nakula mboga za majani tu."

Bibi alimkazia Hellen macho, naye akaelewa. Akisema, atamwaibisha mama na kumvunjia Bibi heshima mbele za watu. Akinyamaza, je, kitanda kile hakitamchukua na mama yake?

"Shikamoo, daktari," alisema, ingawa alikwisha kumwamkia. "Mama hatembei. Anakula mtori wa mafuta asubuhi na jioni. Mimi ndiye ninayempelekea."

"Mtoto huyu hana adabu," Bibi alisema. Kisha sauti yake ikavunjika. "Daktari, wewe hukumwona Grace. Mimi ndiye niliyemwosha. Mifupa mitupu. Na huyu naye unataka akonde?"

Daktari Rukaiya alisogeza kiti karibu naye.

"Pole sana, Bibi. Wembamba haukumuua Grace. Ugonjwa ndio uliomkondesha. Kornelia sitaki akonde hivyo, nataka asizidi kunenepa tu. Mafuta ya mwilini hayakai bure. Kwa mwanamke ambaye hedhi yake imekoma, kama yeye, hutengeneza homoni, na saratani ya aina yake hukua kwa homoni hiyo. Mimi nampa dawa ya kuipunguza, ninyi nyumbani mnaiongeza."

Bibi alishika meza. "Kwa hiyo nimemrudishia ugonjwa?"

"Haujarudi. Vipimo vya leo ni vizuri. Wala usijilaumu, hakuna anayeweza kusema chakula chako ndicho kilichomletea ugonjwa. Hata watu wembamba huugua saratani. Lakini unene ukizidi, hatari ya ugonjwa kurudi huongezeka, na mimi siwezi kuizuia nikidanganywa."

Kornelia alimwomba daktari msamaha.

Waliporudi waliteremka kwenye daladala mwisho wa barabara ya lami. Siku nyingine zote Kornelia alikuwa akipandishwa kwa bodaboda. Siku hiyo aliomba atembee. Alitembea hatua chache, akasimama kuhema, na Bibi akamngoja bila kumshika.

"Hellen," Bibi alisema, "nilikukazia macho ili unyamaze. Nilikosea. Nilikuwa nikimlisha marehemu kwa kinywa cha aliye hai. Ukimpenda mgonjwa, mwambie daktari ukweli, hata sisi wakubwa tukikukasirikia. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Ndiyo, Bibi."

Walisubiri mpaka Kornelia akapata pumzi, kisha wakaendelea kupanda.