Wageni wa Melchior

Ndugu zangu wa Beni na wa Butembo, nisikilizeni bila kununa. Habari hii itawachoma wenye nyumba kuliko wageni waliotukuta ndani ya nyumba hizo.

Jumapili moja, baada ya ibada, Katungu alikuwa uani kwake, mjini Beni, akichambua sombe, majani ya muhogo. Mume wake Melchior alikuwa amevua viatu na kujinyoosha kivulini. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na safu ya vyumba vya kupangisha. Matofali yake waliyafyatua wao wenyewe, mume na mke, wakati Katungu alikuwa na mimba ya binti yao Hulda. Chumba kimoja alikaa mwalimu Gamaliel na familia yake. Kingine alikaa Jokébed, mdogo wake Katungu, mjane aliyeuza makayabu, samaki wa chumvi, sokoni. Siku hiyo Jokébed alikuwa akimsuka Hulda, na mke wa mwalimu alikuja kuomba chumvi akabaki kupiga hadithi. Ndivyo walivyoishi.

Basi wakasikia malori upande wa uwanja wa ndege wa Mavivi. Yalikuwa mengi, na yalipita barabarani yamejaa askari wanaosema lugha ngeni.

Ilikuwa vita ya pili ya Kongo, mnaikumbuka. Nyuma ya askari wa nchi jirani walikuja wafanyabiashara wao, wa mbao, wa kahawa, wa dhahabu. Wote walitaka nyumba, na wote walilipa dola, tena mbele. Bei ya chumba ikapanda mpaka mwalimu akashindwa kuitamka. Simlaumu mgeni aliyetafuta mahali pa kulala. Ninataka mumtazame Melchior.

Melchior alianza na mwalimu.

"Mwalimu, utanisamehe," alisema, macho yake yakiwa juu kwenye mabati. "Kuko mutu anataka ile chambre."

"Mais batoto banasoma, papa Melchior. Ungoje basi mwaka ya masomo iishe."

"Yeye hapana kungoja."

Vitu vya mwalimu vilitolewa nje mvua ikinyesha. Katungu alikimbia kufunika magodoro kwa turubai, na mume wake akamwuliza kama ameajiriwa na Gamaliel.

Kisha ikafika zamu ya Jokébed.

"Baba Hulda, huyu ni mudogo yangu," Katungu akasema. "Anaenda wapi?"

"Kwani Malachie si ndugu yenu? Aende kwake Butembo. Donc mimi niwe masikini juu ya shemeji?"

 Jokébed alifunga mzigo wake, akapanda lori la kwenda Butembo, na Katungu akabaki barabarani akiona haya ya mume wake usoni mwake mwenyewe.

Mpangaji mkubwa kuliko wote alikuwa ofisa mmoja wa askari wale, ambaye watu walimwita Afande tu. Yeye alipewa nyumba kubwa yenyewe. Melchior alimhamishia mke wake na binti yake katika jiko la nyuma, akasema ni kwa muda. Kila jioni alikaa miguuni pa Afande, akicheka kabla mzaha haujaisha. Siku moja Katungu alimkuta anapangusa buti za yule mtu kwa shati lake la kanisani.  Akarudi jikoni, akasukuma sahani yake pembeni.

Wakati huo chefu wa mtaa, yaani kiongozi wake, alikuwa mzee Kasonia. Askari walimtaka awaonyeshe nyumba ambazo wenyewe wamekimbia, ili wakubwa wazichukue. Kasonia alikataa. "Benyewe bako hai, batarudia," aliwaambia. Kwa neno hilo akavuliwa kazi, na Afande akamweka Melchior mahali pake. Hakuna jirani aliyeulizwa. Melchior alitembea mtaa mzima akinyoosha kidole: hii haina mtu, hii mwenyewe yuko Oicha, hii ni ya mjane, hatasema kitu. Watu waliendelea kumsalimu. Ni nani angeacha kumsalimu mtu anayefuatwa na bunduki?

Siku Melchior alipomwambia Hulda avae vizuri ili awapelekee wageni bia, Katungu alifunga nguo za binti yake. Asubuhi binti alikuwa ndani ya lori, njia ya Butembo.

"Mutoto iko wapi?" Melchior aliuliza.

"Iko kwa mujomba wake. Pombe ya wakubwa wako, beba weye mwenyewe."

Akampiga kofi. Katungu alifuta mdomo kwa kitenge chake, akaendelea kusonga bugali.

Halafu walikuja wageni wa aina nyingine. Vita ya Ituri, kaskazini mwa Beni, iliwatoa watu wengi makwao. Walikuja kwa miguu kupitia Oicha, miguu imevimba, watoto mgongoni, wengine bila hata sufuria. Hao hawakuwa na dola.

Mmoja wao aliitwa Providence. Alikuwa na mimba kubwa, na mume wake alikuwa ameuawa njiani. Alisimama mlangoni mwa parseli ya Melchior, kiwanja chenye nyumba zake, adhuhuri, akashika nguzo.

"Papa, unisaidie na kafasi kadogo. Nitalala hata chini."

"Fasi hakuna," Melchior akajibu, hata hakumtazama.

Lakini chumba cha Jokébed wakati ule kilikuwa na mbuzi. Ndiyo, ndugu zangu, mbuzi. Afande alikuwa akipewa mbuzi na watu waliomwogopa, na Melchior aliwafungia humo, akawakatia majani kwa mkono wake.

Providence hakufika mbali. Uchungu ulimshika kwenye uzio. Melchior alikuwa ameshaenda bureau yake, ofisi ya chefu, basi Katungu akafungua chumba, akawafukuza mbuzi, akamwaga maji, akatandika mkeka na vitenge vyake vyote viwili. Mke wa jirani akaja kusaidia. Kabla ya jua kushuka, mtoto wa kiume alilia ndani ya chumba kile.

Melchior aliporudi alikuta mbuzi wanakula maua ya Afande. Akabadilika rangi. Alikimbia kumwomba radhi yule ofisa, mikono ameikunja kifuani. Afande akacheka.

"Acha mama apumzike," alisema. "Mbuzi watalala nje."

Ingeishia hapo. Afande mwenyewe alikuwa amesamehe. Lakini Melchior aliogopa kwamba Afande anasema hivyo kwa adabu tu, na moyoni amekasirika. Asubuhi akaingia chumbani na fimbo.

"Toka! Hii nyumba iko na benyewe!"

Providence alisimama, mtoto kifuani, damu bado inamshuka miguuni. Katungu alimtazama mume wake. Alitafuta ndani yake kijana yule aliyekanyaga naye udongo wa matofali, hakumwona.

"Tunaenda," akasema.

"Weye unaenda wapi?"

"Nilisema tunaenda."

Lori la viazi liliwafikisha Butembo, kwenye baridi. Nyumba ya Malachie ilikuwa imejaa tayari, Jokébed na Hulda wakiwemo. Mke wake aliwatazama wale waliosimama mlangoni, akachungulia mtoto ndani ya kitenge, akasema tu, "Muingie, ule upepo utamuua." Watoto wa nyumba walihamia juu ya magunia dukani kwa baba yao. Hakuna aliyeuliza Providence ni wa kabila gani.

Siku zilipita, na jeshi la jirani likarudi kwao. Afande aliondoka na milango ya nyumba, madirisha, hata bomba la uani, na Melchior alisaidia kupakia, akidhani ataitwa kuagwa. Hakuitwa. Wenye nyumba wakarudi, Kasonia akarudishiwa kazi yake, na Melchior akaanza kusema kwamba alilazimishwa. Watu walimsikiliza, wakapita. Vyumba vyake vikabaki wazi, maana waliotafuta nyumba waliona heri kubanana kwingine.

Ndipo akaja Butembo. Amekonda, koti limemzidi. Aliomba msamaha mbele ya Malachie, akalia, na Katungu, nisiwafiche, alianza kulegea. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi. Hata alikuwa ameshawaza vitenge atakavyofunga kurudi naye Beni.

Providence akaleta chai. Mtoto alikuwa anamfuata, ameanza kutembea. Melchior akamnyooshea mkono, akatabasamu.

"Mutoto muzuri! Na huyu mama, ni shemeji mupya?"

 Providence aliweka kikombe mezani bila kumwaga, akamchukua mtoto wake, akatoka.

Katungu alisubiri labda atamkumbuka mwanamke aliyemfukuza kwa fimbo. Melchior alikunywa chai.

"Maliza," Katungu akamwambia taratibu. "Lori ya Beni hapana kungoja."

FUNDISHO

Mji haubomolewi na wageni peke yao. Sisi wenyewe tulimtoa mwalimu ili aingie mwenye dola, tukaacha avuliwe chefu aliyekataa ili awekwe anayenyoosha kidole, kisha tukasema vita ndiyo ilituharibu. Mgeni mwenye bunduki tulimpa kitanda, mgeni mwenye njaa tulimwambia fasi hakuna. Mwenye parseli, usipime mtu kwa anachoshika mkononi. Mpokee anayehitaji, mkatalie anayekutaka umwonyeshe mlango wa jirani. Na wewe uliyewahi kumfukuza mtu, mtafute leo umwombe radhi, ungali unaikumbuka sura yake.