Karibu Isiyo na Mwenyewe

Nuhu Shemhilu hakuwa na mke wala paka. Hakuwa na nafasi ya kunywa chai ingali moto. Hakuwa na mashine za akiba za kushika nafasi ya zile zilizochakaa, kwa sababu kiwanda kilichozitengeneza kilifungwa kabla yeye hajazaliwa. Hakuwa na mafundi wa kutosha kuiandika upya programu ya Balozi. Na asubuhi ile, akiwa mhandisi mkuu wa huduma za wazee katika jiji la Kwemlima, hakuwa na sababu yoyote ya maana ya kukataa kutia sahihi Balozi ihamie mashine mpya.

Balozi ilikuwa fahari ya jiji. Kila kulipokucha, roboti wenye kimo cha mbuzi, walioitwa wapigahodi, walipanda kuta za minara kwa miguu yao ya kunata na kusimama mlango baada ya mlango, kwa wazee wanaoishi peke yao. "Hodi!" Mzee akiitikia "Karibu!", taa ya kijani iliwaka mlangoni, na habari ikaenda kwa jamaa zake popote walipo, hata Mwezini. Asipoitikia hodi ya tatu, mpigahodi hakuingia, maana waliomuunda walikuwa watu wa adabu. Aliwasha taa nyekundu, akaita wauguzi na majirani.

Programu hiyo iliandikwa kwa ajili ya Yuniksi ya zamani, ule mfumo unaoziongoza mashine. Mashine mpya nazo zilikuwa na Yuniksi, lakini ya ukoo mwingine. Njia zilikuwa mbili. Ama Balozi iandikwe upya, kazi ya mwaka mzima, ama iwekwe ndani ya mazingira patanifu. Hayo ni kama chumba kilichojengwa ndani ya mashine mpya, kikapambwa kifanane na nyumba ya zamani, ili programu ikae humo bila kujua kwamba imehama. Ikiomba kitu kwa lugha yake, mazingira huitafsiria. Mafundi walikiita kwa utani nyumba ya wageni.

Majaribio yalifanyika kwenye Mnara wa Mashariki. Wiki nzima haikuwaka taa nyekundu hata moja.

"Mhandisi, unasubiri nini?" Mkurugenzi Mtweve aliuliza kutoka kwenye kioo cha mawasiliano. "Mgeni amekula, amelala, hajalalamika. Tia sahihi."

"Hapo ndipo ninaposita, Mkurugenzi. Wazee wote wale, wiki nzima, hata mmoja hajaenda kuoga hodi ikampita?"

Perpetua Kaaya, mhandisi mwenzake aliyeyajenga mazingira yale, akacheka. "Una wivu tu, kaka. Umezoea Balozi ikikohoa, wewe ndiye unayeamka. Sasa imepata kwao."

"Basi twende tukaisikie ikipiga hodi. Nikirudi natia sahihi."

"Haya. Lakini chapati juu yako."

Walimkuta mpigahodi kwenye ukumbi wa ghorofa ya juu ya Mnara wa Mashariki, mlangoni kwa Bi Nambiza.

"Hodi!"

"Karibu, mjukuu wangu wa bati! Leo umekuja na wakwe?"

"Shikamoo, bibi," Nuhu alisema.

"Marahaba. Piteni, uji upo."

"Tutarudi, bibi. Tunamfuata huyu."

Mlango uliofuata ulikuwa wa Mzee Singano, fundi cherehani mstaafu.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Taa ya kijani ikawaka. "Ahsante, mzee. Siku njema," mpigahodi alisema, akaendelea na safari yake.

Nuhu akamgeukia Perpetua. "Wewe umesikia mtu?"

"Labda ameitikia kwa sauti ndogo," Perpetua alisema, lakini hakuwa akicheka tena.

Nuhu akaupiga mlango kwa kiganja. "Mzee Singano! Hodi!"

Bi Nambiza akachungulia. "Huyo kanuna siku hizi, hata nje hatoki. Lakini mzima. Si unaona taa? Zamani ningegonga mwenyewe. Sasa nimsumbue kwa lipi?"

Nuhu alirudi nyuma, akaupiga mlango kwa bega. Akaupiga tena, kufuli likang'oka. Harufu iliwapokea. Mzee Singano alikuwa sakafuni, katikati ya kitanda na mlango, mkono mmoja ameunyoosha mbele. Hakufa jana, wala juzi.

"Taa imesema nini?" Bi Nambiza alipiga kelele akiwa ameshika kichwa. "Si imesema yupo? Jamani, taa imesema nini?"

Perpetua alikaa chini pale pale ukumbini, akafungua kibao chake cha kazi. Akakosea neno la siri, akaliandika tena.

"Balozi huliuliza sikio la mpigahodi kama limesikia sauti," alisema hatimaye. "Ni ombi la zamani. Yuniksi mpya haina ombi hilo. Na mazingira yakikutana na ombi yasilolijua..."

"Hujibu nini?"

"Sifuri."

Nuhu alifumba macho. Kwa Yuniksi, sifuri si utupu. Ni jibu la heri: imefanyika, hakuna tatizo. Balozi ilikuwa ikiuliza kama mzee ameitikia, na mazingira yakijibu kwamba hakuna tatizo.

"Niliandika hivyo mimi," Perpetua alisema. "Ili programu isianguke. Niliona ndiyo uungwana. Si hata sisi, mtu akikuuliza habari, unasema nzuri kwanza, hata kama una msiba? Mengine yanafuata."

"Humu hayakufuata. Maombi mangapi mengine yanajibiwa hivyo?"

"Sijui, kaka. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Nuhu aliamuru mazingira yazimwe na wauguzi wagonge milango yote ya mnara kwa mikono yao. Wazee wengine wote waliitikia. Kisha akampigia Mkurugenzi.

"Zibeni tundu hilo moja tuendelee," Mkurugenzi alisema baada ya kumsikiliza. "Na familia iambiwe ni uzee."

"Binti yake yuko Mwezini, anatunza bustani za hewa. Kila siku amepata ujumbe: baba yako ameitikia. Alikuwa akiitikiwa na kile chumba cha mashine, Mkurugenzi. Mimi sitii sahihi. Tunaiandika upya, na mpaka iishe, hodi zitapigwa na watu."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima. Ukitaka mwingine wa kutia sahihi, mlete kwanza auone huu mkono wa Mzee Singano."

Siku hiyo hiyo alitafuta karatasi na kalamu. Hakutaka mashine yoyote iseme kwa niaba yake.

*Dada Foibe, pole sana. Baba yako amefariki. Salamu ulizopata siku hizi hazikutoka kwake. Mashine iliitikia badala yake, na mimi ndiye niliyeruhusu ijaribiwe mlangoni pake. Hatujui alilala pale muda gani akiisikia hodi.*

"Acha nafasi chini," Perpetua alisema. Akaandika jina lake chini ya jina la Nuhu.

Kwenye bandari ya roketi, karani aliigeuza bahasha mara mbili, maana barua za karatasi zilikuwa adimu.

"Mwenyewe ana habari kama inakuja?"

"Hana," Nuhu alisema.

Akaichukua tena, akaipaka gundi, akaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika, akamkabidhi. Karani aliigonga muhuri na kuitumbukiza katika mfuko wa Mwezini.