Mbegu za Bibi Boke na Taa ya Sebuleni

Kila jioni, Gati alipomaliza kuosha vyombo, alifagia sebule, akatandika mkeka na kuwasha taa. Halafu alisubiri kelele. Hazikuchelewa. Dorka, rafiki yake wa darasa la saba, alikuja akiimba tangu njiani, na nyuma yake walifuata watoto wengine wa jirani, madaftari kwapani. Nyumba ya kina Gati pale Mugumu haikuwa kubwa, lakini sebuleni kulikuwa na taa ndefu ya tyubu, na mwanga wake ulifika hadi kona ya mwisho ya mkeka. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa umekaribia. Kwa kina Dorka walitumia kibatari, hivyo aliipenda taa ile kama ya kwao.

Ijumaa moja Bibi Boke alifika kutoka kijijini Tarime na fungu la mahindi ya mbegu, makubwa kuliko yote aliyovuna, yamefungwa pamoja kwa maganda yake. Kwa Bibi Boke, mbegu haikai kwenye gunia. Hutundikwa juu ya jiko la kuni, moshi uwafukuze wadudu mpaka msimu wa kupanda.

"Mke mwenzangu," alimwambia Gati, maana ndivyo alivyozoea kumtania mjukuu wake, "panda ngazi unitundikie mbegu zangu jikoni. Na uzifunge sawasawa!"

"Ndiyo, bibi."

Lakini nje wenzake walikuwa wanacheza rede, jikoni kumejaa moshi, na ngazi iko kule nyuma ya banda la ng'ombe. Gati akatazama juu, akaliona bati la taa ya sebuleni. Akapanda juu ya meza, akalitundika fungu zima upande mmoja wa taa. "Nitayahamisha nikirudi," alijiambia, akakimbilia mchezoni.

Aliporudi, upande ule wa taa ulikuwa umeinama kidogo. Akayashusha mahindi mbio mbio, akachukua ngazi na kuyatundika jikoni kama alivyoagizwa. Hakuna aliyemwona. Akajiona mjanja kweli kweli.

Jioni alipobonyeza swichi, taa iliwaka, ikazimika, ikawaka tena, ikaanza kutetemeka.

"Yawa!" Dorka alicheka. "Leo kwenu kuna disko?"

Watoto wakaruka kucheza muziki usiokuwepo, hata Bibi Boke akatikisa mabega. Lakini walipofungua madaftari, herufi nazo zilikuwa zinacheza. Mama alitoka chumbani akaizima taa. "Mtaumiza macho. Nendeni nyumbani, baba yake Gati akija ataitazama."

Baba yake, Sylvester, alifanya kazi kwenye kambi ya watalii karibu na Natta. Jumapili, baada ya ibada, alikuja na stata mpya, kile kidude cha mviringo kinachosaidia tyubu kuwaka. Kwanza alizima swichi kuu. "Umeme hauna utani," alisema. Alibadilisha stata, akawasha. Taa ikatetemeka vile vile. Akazima tena, akaitoa tyubu na kwenda kuijaribu kwenye taa ya chumbani. Huko iliwaka, ikatulia. Alipoirudisha sebuleni, disko likaanza upya.

"Stata ni mpya, na tyubu ni nzima," alisema Baba akijifuta jasho. "Basi nadhani choki, kile kifaa cha ndani kinachodhibiti umeme wa tyubu, imeungua. Sina nyingine, na kesho narudi kazini. Nitaing'oa taa yote niweke balbu ndogo."

Balbu ndogo! Mwanga wake ungeishia mezani. Dorka, aliyekuja kuwasalimia, aliukunja mkeka taratibu.

"Si neno, Gati," alisema. "Nitasoma kwa kibatari. Wewe utanieleza shuleni." Alijitahidi kutabasamu, na hilo ndilo lililomuumiza Gati zaidi.

Baba alishika bisibisi. "Kabla sijaing'oa, kuna mtu aliyeigonga au kuivuta?"

"Labda panya," alisema Bibi Boke.

Gati alimtazama Dorka, akautazama ule mkeka uliokunjwa.

"Si panya, bibi. Ni mimi." Akaeleza yote: rede, moshi, meza na mahindi.

Bibi Boke akaangua kicheko. "Kumbe mbegu zangu zilipanda cheo! Zilikaa sebuleni kama wageni!"

Wote wakacheka, isipokuwa Baba. Alishazima swichi kuu na kupanda juu ya meza. Akatoa tyubu, akapapasa ule upande ulioinama. "Hiki hapa! Kishikio kimelegea, miguu ya tyubu haigusi vizuri." Akanyoosha bati, akakaza skrubu, akairudisha tyubu na kuizungusha mpaka ikakaa.

"Haya Gati, washa."

Taa iliwaka mara moja. Wakaitazama, wakaitazama tena. Ilikuwa imetulia tuli. Dorka akapiga vigelegele, akautandika mkeka.

Baba alimshika Gati bega. "Usitundike tena kitu kwenye taa. Umeme ungeweza kukuua, nami ningelia maisha yangu yote. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na ujue, taa haina mdomo wa kumwambia fundi kilichoipata. Anayejua akinyamaza, fundi hubaki kubahatisha. Mimi nilikuwa naenda kung'oa taa nzima kwa ajili ya skrubu moja."

Jioni ile watoto walijaa sebuleni. Bibi Boke alikaa kwenye kona ya mwisho ya mkeka akichambua maharage, akiwasikiliza wakibishana juu ya hesabu za sehemu. Punje moja mbovu aliiona, akaiinua juu.

"Mnaona? Hata mimi na macho haya nimeiona," alisema kwa furaha. "Mke mwenzangu, baba yako alikaza skrubu tu. Taa hii umeiwasha wewe, pale uliposema kweli."