Ndege ya Babu ya Kwenda Tanga

Kila siku akitoka shule Badria alifuata desturi ileile. Alipenya katikati ya mikokoteni na majora ya vitenge ya Mtaa wa Mchikichi, akaingia nyumbani, akamwamkia babu yake na kumtilia chai ya tangawizi. Baada ya hapo ndipo alipogeuka rubani. Kwenye kona ya sebule kulikuwa na kompyuta aliyoundiwa na baba yake mdogo, Twaha, fundi wa kompyuta mwenye duka mtaa wa pili, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa kurusha ndege. Haukuwa mchezo wa kupiga maadui. Ndege zake ziliwashwa, zikarushwa na kushushwa kama za kweli, na uwanja wa Dar es Salaam ulikuwa humo.

Alianza na kindege cha watu wanne, akikiongoza kwa vitufe vya kibodi. Kilivyokuwa kikitua, ungedhani kuku aliyetupwa kutoka darini. Lakini miezi ilivyopita mkono wake ulitulia, na Babu Abdulkadiri akawa anavuta kiti kuja kutazama.

Babu alikuwa na haki ya kutazama. Ujana wake wote aliumaliza uwanja wa ndege, akipakia na kushusha mizigo, na siku za Idi aliwavalisha watoto wake nguo mpya akawapeleka kuona ndege, kama familia nyingi za mjini zilivyofanya zamani. Yeye mwenyewe alipanda ndege safari moja tu, alipomwoa Bibi Mgeni. Wakubwa wa kazini waliwapa tiketi za kwenda Tanga kwa fungate. Badria aliijua hadithi hiyo yote: mapanga ya ndege, yale yanayozunguka mbele ya mabawa, yalivyonguruma, peremende walizogawiwa ili masikio yasizibe, na Bibi alivyomkamata Babu mkono mpaka akamwachia alama za kucha. Bibi alikwisha kufariki, na kila Babu alipoisimulia safari ile sauti yake ilirudi ujanani.

Ndiyo maana Badria alipofanya vizuri muhula ule, Babu aliamua kumnunulia ndege yake ya kwanza ya abiria ya kuongeza kwenye mchezo.

"Mwambie baba yako mdogo anitafutie ile ya mapanga," alimwagiza. "Nataka unipeleke Tanga siku ya Idi."

Twaha naye aliahidi kumwongezea baadaye usukani wa kirubani wa kushika kwa mikono miwili, pamoja na pedali zake. Badria aliuota usukani ule usingizini.

Alishika njia ya dukani kwa Twaha kupeleka agizo, lakini akakutana na Klara, anayesoma naye. Klara alicheka kusikia habari za mapanga.

"Hiyo si feni tu? Chukua jeti kubwa, ya kwenda Ulaya. Darasa zima tutakuja kuiona."

Maneno yale yakamkaa. Twaha alipomuuliza Mzee anataka ipi, Badria alijibu bila kupepesa macho kwamba Babu amesema jeti kubwa. Twaha akainunua siku ileile kwenye mtandao.

Siku ya Idi, pilau ilipokwisha kuliwa, Babu alitoka chumbani amevaa kanzu, koti na viatu vya kamba. Enzi zake, alisema, mtu hakupanda ndege na kandambili. Mfukoni alikuwa na peremende. Alikaa karibu na Badria, Mama na Twaha wakasimama nyuma yao, na jeti ikajaa kwenye kioo. Babu alitazama bawa moja, kisha la pili.

"Mapanga yako wapi?"

"Lakini Mzee," Twaha alishangaa, "si wewe mwenyewe uliyesema tuchukue jeti? Na Tanga hii haitui, uwanja wake ni mfupi."

Badria alingoja Babu akane. Babu hakukana. Alivua kofia, akapapasa kichwa. Siku za karibuni alikuwa akisahau funguo, na safari moja alipotea njia akitoka msikitini, jambo lililomtia hofu ambayo hakupenda kuizungumza.

"Basi nilisema," alijibu polepole. "Kumbe hata hili limenipotea. Nilidhani safari ya Mgeni sitaisahau."

Akainuka, akaanza kurudi chumbani. Badria aliona aibu iliyomchoma kuliko fimbo yoyote.

"Babu, hukusahau," alisema, machozi yakimtoka. "Ulisema ya mapanga. Mimi ndiye niliyebadilisha, nilitaka wenzangu wanisifu."

Mama alifungua mdomo kumkaripia, Babu akamzuia kwa mkono. Usoni hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeokotewa kitu chake.

"Nilisema ya mapanga?"

"Ya mapanga, Babu."

Jioni ile Badria alimwomba Twaha fedha za usukani zinunue ndege ya Babu. Twaha alikubali. Akamletea joistiki kuukuu kutoka dukani, fimbo ya kuongozea ambayo mpira wake ulikuwa umelika, na Badria akafanya nayo mazoezi mpaka kiganja kikamuuma.

Ijumaa iliyofuata Babu alivaa koti lilelile. Aligawa peremende, ya kwanza akampa rubani. Mapanga yakazunguka, moja kisha la pili, ngurumo ikajaza sebule. Pwani ilipita chini yao, mpaka Tanga ikaonekana na uwanja wake mfupi. Gurudumu moja likagusa kwanza, ndege ikaruka kidogo, ikatulia. Babu alikuwa ameshika mkono wake mwenyewe, pale palipokuwa na alama za kucha.

"Hata ile ya kweli iliruka hivihivi," alisema, kisha akamgeukia mjukuu wake. "Usukani mzuri utaupata siku nyingine, mwanangu. Lakini uongo ukiutia kinywani mwa mwenzio, unamfanya aitilie shaka hata akili yake. Ulipokiri uliaibika kidogo, mimi ukanirudishia bibi yako. Sema kweli siku zote, hata kama itakunyima unachokitaka."

Badria aliitikia kwa kichwa, akajifuta jasho la mikono. Akauliza kama abiria wake yuko tayari kurudi Dar.

Babu alimwambia asiwe na haraka, bado yuko fungate.