Nesi Aliyerudi Wodini Bila Sare

Mtaani kila mtu alimwita Nesi. Alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili katika wodi ya watoto. Mume wake alikuwa fundi wa friji. Waliishi na mama mkwe katika nyumba ya vyumba vitatu. Asubuhi zao zilifanana. Maji yanachemka, redio inaongea, mume anatafuta bisibisi aliyoishika mkononi, na wote wanamcheka.

Siku moja mume alisema kifua kinambana. Nesi alikuwa ameshavaa sare na zamu ilikuwa imeanza. Akamwambia pale mlangoni anywe maji, apumzike, jioni atampima. Saa saba mchana akapigiwa simu. Mume alikuwa ameanguka karakanani kwake. Alifikishwa hospitali akiwa ameshakata roho.

Baada ya mazishi, mama mkwe alisema maneno machache mbele ya watu. "Watoto wa wenzako uliwapima. Mwanangu ulimwambia anywe maji."

Nesi alitoka nje.

Alirudi kazini baada ya wiki mbili. Mwili ulikuwa wodini, akili ilikuwa bado pale mlangoni. Mwezi wa tatu tangu msiba alivuta dawa ya mtoto kwenye sindano, ikawa mara mbili ya kipimo kilichoandikwa. Msimamizi wa wodi akamshika mkono kabla hajaichoma. Mtoto hakudhurika. Lakini Nesi hakuweza kumaliza zamu. Wiki iliyofuata alirudisha sare zake, amezifua na kuzipiga pasi, akaacha kazi.

Jirani yao alikuwa Mama Pacha, mshauri nasaha wa kliniki. Siku moja alikuja kuazima pasi, akakuta moshi umejaa jikoni. Nesi amekaa hatua mbili kutoka jikoni, anatazama ukuta. Mama Pacha akaepua sufuria, akafungua dirisha, akakaa naye.

"Jirani, hukusikia harufu?"

"Sikuwepo," Nesi alisema.

Mama Pacha alielewa. Akamweleza kuwa kuna mazoezi ya utulivu wa akili ambayo hata kliniki wanayafundisha. Mtu anakaa, anafumba macho, anafuata pumzi yake inavyoingia na kutoka. Akili ikitoroka, anairudisha bila kuigombeza.

Nesi alijaribu jioni hiyo hiyo. Alipofumba macho tu, akamwona mume wake mlangoni, kashika kifua. Kesho yake akamfuata Mama Pacha kwa hasira.

"Umeniongezea maumivu. Nilidhani yataondoka."

"Kosa ni langu," Mama Pacha alisema. "Kwa mwenye msiba mbichi, kufumba macho kunaweza kumrudisha pale pale panapomuuma. Anza macho wazi. Dakika mbili tu. Osha kikombe kimoja. Sikia maji kama ni ya moto au ya baridi. Sikia miguu yako sakafuni. Ukizidiwa, acha."

"Halafu huzuni itaisha?"

"Haitaisha kwa hilo. Sitakudanganya. Utajifunza kuwepo nayo bila kuunguza nyumba."

Akamuuliza kama analala, kama anakula, kama amewahi kuwaza kujiua. Nesi alisema kujiua hajawaza, ila halali. Basi Mama Pacha akampeleka kwa daktari, kwa sababu mazoezi hayachukui nafasi ya matibabu.

Ilikuwa kazi ya kuchosha. Wiki za kwanza aliosha kikombe huku analia. Siku nyingine hakufanya kabisa. Mwezi wa tano wa mazoezi alisikia harufu ya sabuni, akashtuka kwamba ameisikia. Usingizi ukarudi, kwanza wa muda wa saa nne, kisha tano. Baadaye akajiandikisha kwenye mafunzo ya ualimu wa mazoezi hayo. Yalichukua mwaka na nusu.

Mama mkwe alicheka kwa uchungu. "Unalipwa kufundisha watu kupumua? Mimi nimepumua miaka sabini bila mwalimu."

Darasa lake la kwanza lilikuwa kwenye wodi yake ya zamani, dakika kumi kabla ya zamu. Wauguzi wanane walisimama, mikono mifukoni. Msimamizi alikuwepo pia. Nesi aliwaambia yote, habari za sindano na habari za mlangoni. Akasema hakuja kuwapa furaha. Alitaka wajue akili zao ziko wapi kabla hawajagusa dawa. Wawili waliona ni upuuzi na hawakurudi. Sita walibaki. Baada ya muda ikawa kawaida wodini mtu kusema, "Leo sipo sawa, nihakikishie kipimo hiki." Zamani hakuna aliyethubutu kusema hivyo.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mchana mmoja mama mkwe alikuwa anachambua mchele, akaanza tena maneno yale yale. Zamani Nesi angetoka nje. Safari hii alihisi uso ukipata moto. Akasikia miguu yake sakafuni, akabaki.

"Ni kweli, Mama," alisema. "Sikumpima."

Mama mkwe alisogeza sinia pembeni.

"Aliniambia mimi kwanza," alisema hatimaye. "Wewe ulikuwa unaoga. Nikamwambia ni gesi, alikula sana jana yake. Miaka mitatu nimekuachia ubebe peke yako."

Nesi alitaka kuumwaga ule mchele wote. Alitaka kupiga kelele.

"Imeniuma, Mama. Sitasema haijaniuma."

"Najua," alisema mama mkwe, na hapo ndipo alipomlilia mwanawe kwa mara ya kwanza mbele ya mkwewe.

Hawakukumbatiana. Jioni mama mkwe alikiri kuwa naye halali, tangu msiba. Jumanne Nesi akampeleka kliniki kwa Mama Pacha. Walipofika barabara kuu, magari yalikuwa mengi, mama mkwe akasita. Nesi hakuwa amemsamehe bado. Alimpa mkono wavuke, na mama mkwe akaupokea.