Sauti ya Ubeti wa Pili

Kila Jumatatu na Jumatano, baada ya mapumziko, wanafunzi wa darasa la sita walibeba viti vyao kwenda chumba cha muziki. Chumba hicho kilikuwa mwisho wa ujia, ubavuni mwa stoo, na viti vyake vilikwishahamishiwa ofisini zamani. Basi ungewaona wanafunzi thelathini na wawili wakipita ujiani na viti vichwani, wakigongana na kuchekana, na mbele yao Mwalimu Waya akitembea haraka, kompyuta ameikumbatia kifuani.

Mwalimu Waya alikuwa na jina lake, tena liliandikwa kwenye ubao wa matangazo, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa mwanachuo wa ualimu, ameletwa shuleni wiki nane kujizoeza kufundisha muziki, na tangu siku ya kwanza alikuja nyaya zimemzunguka shingoni. Chuo kilitaka wafundishe kwa kutumia vifaa vya kisasa, na jambo hilo lilimtoa jasho kwelikweli. Hatua za kuwasha vifaa alikuwa akiziandika kiganjani kwa kalamu: kompyuta kwanza, kipaza sauti, halafu spika mwisho. Siku jasho likizidi, maandishi yalifutika, na spika zilipiga ukelele hadi darasa zima likaziba masikio.

"Nisameheni, jamani," alisema. "Na mwalimu naye anajifunza."

Wanafunzi walimpenda kwa sababu hiyo.

Mpango wake ulikuwa kurekodi wimbo wa shule. Kila mwanafunzi angeingia peke yake ndani ya stoo, mahali ambapo kelele hazikufika, avae hedifoni, asikilize kinanda na kuimba. Kisha mwalimu angezipanga sauti zote ndani ya kompyuta, moja juu ya nyingine, mpaka ziwe kwaya. Ijumaa ya wiki ya sita mkufunzi wake angekuja kutoka chuoni kumtazama akifundisha. Akifaulu, angepata cheti chake. Akishindwa, angerudia mwaka mzima.

Ubeti wa pili wa wimbo ule uliimbwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa Filimbi. Jina hilo alipewa na Babu Kengele, mhudumu wa shule, siku ile ya kwanza kabisa alipoletwa darasa la kwanza akilia getini kwa sauti iliyofika hadi barabarani. Tangu hapo jina likamganda, na sauti nayo ikazidi kuwa nzuri. Kuimba ndicho kitu pekee alichowashinda wote.

Lakini wiki ya tatu sasa koo lilikuwa linamuuma. Yalianza mafua, mafua yakapona, ukwaruzo ukabaki. Nyumbani alisema ni vumbi. Shuleni alisema kidogo na kutabasamu sana. Mwenzake wa dawati, msichana mdogo wa umbo waliyemwita Kidagaa, aliuweza ubeti wa pili bila kutazama karatasi, na Filimbi alijua kwamba siku atakaposema anaumwa, Kidagaa atasimama mahali pake. Hilo hakulitaka hata kidogo.

Jumatatu zamu yake ilifika. Mwalimu Waya alimwingiza stoo, akamwonyesha kitufe cha kuanza na kitufe cha kufuta.

"Taa nyekundu ikiwaka, imba. Ukimaliza, gonga mlango. Mimi nipo darasani na wenzako."

Mlango ulifungwa. Filimbi aliimba, na alipopanda juu sauti ikakatika. Akafuta. Akaimba tena, safari hii haikutoka sauti, ulitoka upepo tu. Akafuta. Machozi yakamlengalenga.

Kwenye rafu, nyuma ya ngoma iliyopasuka, palikuwa na redio kuukuu ya kaseti. Walipofagia stoo wiki iliyopita waliijaribu, wakaona bado inafanya kazi. Ndani yake mlikuwa na kanda iliyoandikwa kwa kalamu: *Wimbo wa shule. Ubeti wa pili. Sauti moja.* Filimbi aliichomeka redio kwenye umeme, akabonyeza.

Msichana akaimba. Mwili ulimsisimka Filimbi. Ile ilikuwa sauti yake mwenyewe, sauti yake ya siku za uzima, ikitoka ndani ya kitu ambacho hajawahi kukiimbia. Aligeuka nyuma kutazama kama kuna mtu. Hakukuwa na mtu.

Angeacha hapo, lakini tamaa haina macho. Aliirudisha kanda mwanzo, akaisogeza redio mbele ya kipaza sauti, akawasha taa nyekundu. Alisimama pembeni ameziba mdomo kwa sweta ili asikohoe. Moyoni alikuwa akisema jambo moja tu: asijue, mwalimu asijue tu. Wimbo ulipoisha ulibaki mvumo wa kanda, shhhh. Filimbi alihesabu hadi kumi ili mwisho usionekane umekatwa ghafla, akazima kila kitu, akagonga mlango.

Jumatano Mwalimu Waya alikuja uso umejaa furaha.

"Filimbi, sauti yako ilichelewa kidogo nyuma ya kinanda, nikaivuta mbele. Tena kulikuwa na mvumo, nikausafisha. Nimejifunza kitufe kipya jana!" Alitazama kiganja chake, akawasha spika mwisho kama ilivyopasa. "Tulieni. Msiimbe. Leo mtajisikiliza."

Sauti thelathini na mbili zilijaa chumbani, na midomo thelathini na miwili imefungwa. Hapo tu palitosha kumtia mtu baridi. Walitazamana, kila mmoja akijisikia anaimba huku amenyamaza. Kisha ukaja ubeti wa pili, na darasa zima likamgeukia Filimbi kwa mshangao, maana hata yeye hakuwahi kuimba vizuri namna ile. Filimbi alitazama sakafu.

Wimbo ulikwisha. Mwalimu alinyoosha mkono azime, lakini kabla hajazima, kwa mbali ndani ya spika mwanamume mmoja alisema:

"Filimbi. Rudia."

Hakukuwa na mwanamume chumbani. Mkono wa mwalimu ulibaki hewani. Kisha, karibu kabisa, mtoto akanong'ona:

"Asijue. Asijue tu."

Kiti kilianguka. Mtu alipiga yowe, na waliobaki hawakungoja kujua ni nani. Walitoka mlangoni kwa kusukumana, wakaacha viti, madaftari na kiatu kimoja.

Nje, Kidagaa alimshika Filimbi mkono. "Ni wewe uliyenong'ona?"

"Si mimi."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimtisha kuliko uongo wake wote. Kuiba sauti alijua ameiba. Lakini nani alilitaja jina lake kwenye kanda iliyorekodiwa kabla hajazaliwa? Na yale maneno aliyasema moyoni, hakuyatoa mdomoni. Yalifikaje kwenye spika?

Kufikia adhuhuri, shule nzima ilikwishajua kwamba stoo ina mtu. Wadogo wa darasa la pili walikataa kupita ujiani hata kwenda msalani. Mwalimu mkuu, mwanamke asiyependa mizaha, alimwita Mwalimu Waya mlangoni mwa ofisi, na sauti yake ilisikika hadi uwanjani.

"Nilikupa darasa uwafundishe wimbo, sikukwambia uwaitie mashetani. Ijumaa fundisha kwa chaki na ngoma. Mashine zako sitaki kuziona."

"Lakini mkufunzi anakuja kuzitazama hizo hizo, mwalimu mkuu."

"Basi mweleze zimekushinda."

Usiku ule Filimbi alilala amejifunika gubigubi. Asubuhi mama yake, fundi cherehani, alimtazama sana alipoaga. "Sauti yako ina nini?" aliuliza kwa ile sauti yake nzito ya kukwaruza, iliyokuwa hivyo tangu Filimbi apate akili.

"Vumbi tu, mama."

Alhamisi mchana Filimbi alirudi chumba cha muziki kuchukua kiti chake. Alitaka kuingia na kutoka upesi. Ndani alimkuta Mwalimu Waya amevaa hedifoni, akirudia kusikiliza ule mnong'ono, tena na tena. Kiganja chake kilikuwa chekundu kwa kusuguliwa. Hakikuwa na herufi hata moja.

"Sijui nilibonyeza nini," alisema, macho yamemvimba. "Labda niliharibu nilipousafisha ule mvumo. Nimetafuta tangu jana sioni. Nadhani kazi hii siiwezi, Filimbi. Kesho nitamwambia mkufunzi hivyo."

Filimbi alisimama na kiti mkononi. Angeweza kutoka. Kesho mwalimu angeondoka, stoo ingefungwa, na hakuna ambaye angejua. Lakini alimwona mtu mzima akilia kwa kosa lisilo lake, na aibu ikamkaba kuliko lile koo bovu.

"Mwalimu, hujaharibu kitu. Sikuimba mimi. Niliweka kanda."

Alieleza yote: koo, Kidagaa, redio, kuhesabu hadi kumi. Mwalimu Waya hakugomba. Alikwenda stoo akaileta ile kanda, wakaisikiliza pamoja. Baada ya wimbo ulikuwapo mvumo tu. Lakini waliposogeza sikio hadi likagusa redio, ndani ya mvumo, mbali sana, mwanamume alisema, na mtoto akanong'ona.

"Kumbe walikuwamo muda wote," alisema mwalimu polepole. "Mvumo uliwafunika. Mimi niliufuta mvumo, wakabaki wao." Kisha akakunja uso. "Ila hilo jina lako?"

Babu Kengele alikuwa akifagia ujia, maana siku hizo ni yeye peke yake aliyethubutu kupita. Walimwita. Alisikiliza ameegemea ufagio, na wimbo ulipofika katikati akaacha kutafuna kijiti chake.

"Huyo mwanamume ni mwalimu wa muziki wa zamani, alikwishastaafu," alisema. "Na huyo msichana ndiye Filimbi."

"Filimbi ni mimi, babu."

"Wewe ni wa pili. Siku ile ulipolia getini nilidhani miaka imerudi nyuma. Kwani mama yako hajakwambia?"

Mama yake hakuwahi kuimba, hata kumbembeleza mtoto wa jirani.

Walikwenda wote wawili, mwalimu na mwanafunzi, hadi kibandani alikoshonea mama. Mwalimu alieleza, na mguu wa mama ukasimama juu ya cherehani. Aliposikia habari ya koo, aliinuka.

"Wiki ngapi?"

"Tatu, mama."

"Na ulikuwa unaimba?"

"Kila siku."

Mama alimshika mabega kwa nguvu mpaka Filimbi akaogopa. "Kesho sifungui kibanda," alisema. "Tunaanzia hospitali."

Daktari alimchungulia koo Ijumaa asubuhi kwa kioo kidogo chenye mpini mrefu. Alisema kuna uvimbe, bado mchanga. Wiki tatu asiimbe, asipige kelele, hata kunong'ona asinong'one. "Mmewahi," alisema. "Angeendelea mwezi mwingine, nisingekuahidi kitu."

Saa tano mkufunzi alikuwa ameketi nyuma ya chumba cha muziki na daftari lake, na mwalimu mkuu kando yake, amekunja mikono. Mwalimu Waya alikuwa amemwendea mwalimu mkuu mapema, akamweleza kanda ilikotoka, akaomba kipindi kimoja tu. Darasa la sita lilikaa karibu na mlango, tayari kukimbia. Mwalimu Waya alisimama mbele yao.

"Wiki hii nilifanya makosa mawili," alisema. "Nilimwacha mwanafunzi peke yake na mashine, na nikasafisha sauti kabla ya kuuliza mvumo unatoka wapi. Leo tutajifunza kusikiliza vizuri. Anayeogopa amshike mwenzake."

Alipiga kanda kama ilivyo, kisha ile iliyosafishwa, akawaonyesha kwenye kompyuta mistari ya sauti: huu mvumo, huu mnong'ono chini yake. Walisogea kidogo kidogo, hadi wa mwisho akasogea. Filimbi aliandika ubaoni, kwa kuwa hakuruhusiwa kusema: *Ni mimi niliyeweka kanda. Nilidanganya. Nisameheni.* Kidagaa alisoma, akanuna, kisha akasogeza kiti chake ili Filimbi apate nafasi ya kukaa.

"Sasa huyo anayenong'ona ni nani?" mmoja aliuliza.

Mama, aliyekuwa mlangoni na utepe wa kupimia shingoni, aliingia.

"Ni mimi," alisema, na kwa sauti ile nzito iliyopasuka hakuna aliyeamini. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Koo lilikuwa linauma mwezi mzima. Nikahofia nikisema, nitanyang'anywa ubeti wangu. Mwalimu akiniambia rudia, narudia, huku naomba asijue. Na kweli hakujua. Siku hiyo mliyoisikia ndiyo ya mwisho. Nilirudia, sauti ikakatika, haikurudi tena. Hamkusikia mzimu. Mlisikia mtoto anayeficha ugonjwa."

Mwalimu mkuu alikunjua mikono.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," mama aliendelea. "Mimi kifo kiliniacha, kikachukua sauti. Ukiumwa, sema. Ukikosea, sema. Aibu ya kusema ni ya siku moja. Hii ya kuficha mimi ninayo mwaka wa ishirini na mmoja."

Mkufunzi aliacha kuandika. Baadaye alimwambia Mwalimu Waya kwamba ameona walimu wengi wakificha makosa yao mbele yake, ila yeye ndiye wa kwanza kuyafundisha. Na cheti akakipata. Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Wakati ule mwalimu alimkabidhi Filimbi hedifoni na kompyuta, akampa Kidagaa kipaza sauti.

Kidagaa aliimba ubeti wa pili kwa sauti ndogo, safi, yenye woga kidogo. Filimbi alitazama mistari ikipanda na kushuka, akitega sikio asipitwe na kitu. Nyuma yake alisikia mtu akivuta pumzi kwa nguvu. Aligeuka, akamwona mama yake akiufuata wimbo kwa midomo, neno kwa neno, bila sauti. Filimbi alimshika mkono, wakasikiliza mpaka mwisho.