Ujumbe Uliosomwa Dukani

Mwaka 2005, pale kijijini Izimbya palikuwa na simu moja ya mkononi. Ilikuwa ya mzee Karugendo, mwenye duka. Aliichaji kwa betri ya gari. Kila Jumapili baada ya misa watu walikusanyika dukani. Mzee alivaa miwani, akasoma ujumbe mmoja mmoja kwa sauti, kama padre anavyosoma matangazo ya ndoa.

"Anatory, mwanao amefika Mwanza salama."

Watu wakapiga makofi.

"Georgina, shangazi yako amefariki huko Kimwani."

Watu wakalia pamoja. Nani angeona ubaya? Furaha ya mmoja ilikuwa ya wote, na msiba vilevile.

Jumapili moja Clotilda naye alikuwepo. Alikuwa mjane wa Mwijage, mama wa watoto wawili. Mzee akaendelea kusoma.

"Clotilda wa Izimbya. Siku ya kuchukua dawa zako za ARV imebadilika. Njoo kliniki Alhamisi."

Mdomo ulitangulia akili. Mzee alipoelewa alichosoma, alikuwa amekwisha kukimaliza. Jirani mmoja alimvuta mtoto wake pembeni, mbali na Clotilda. Clotilda aliacha chumvi yake juu ya meza akaondoka.

Jioni ile shemeji yake, Rugemalira, alikuja. Hakukaa.

"Ukoo utakutana Jumatano," alisema. "Kibanja cha kaka yangu hakiwezi kubaki kwa mgonjwa. Karugendo ataleta simu iwe shahidi."

Migomba na mibuni ya kibanja kile ndiyo iliyowalisha watoto wake. Akifukuzwa, ataenda wapi? Nani atampokea, na habari zimekwisha kuenea?

Halafu akakumbuka kompyuta ya kliniki. Alimwona karani akiliandika jina lake humo. Kumbe jina limeingia hewani! Leo liko kwa Karugendo, kesho litafika mjini Kashai, keshokutwa litafika serikalini. Mwaka ule watu walipigwa picha za kadi za kura, na kijijini walisema kompyuta zote zinaongea. Je, watamfuta kwenye orodha? Watamhesabu kama mtu aliyekwisha kufa? Akaficha vidonge vyake ndani ya kopo la maharage.

"Sirudi tena kliniki," alijiambia. "Bora nife na siri iliyobaki."

Siri ipi tena, jamani? Lakini hofu haina masikio.

Jumatatu asubuhi alikuja Benadetha. Yeye alikuwa mhudumu wa kutembelea wagonjwa majumbani. Alimkuta Clotilda amejifungia, macho yamevimba. Clotilda alimweleza yote.

"Bojo! Pole sana mwenzangu," alisema Benadetha. "Hebu niambie. Kliniki walipata wapi namba ya Karugendo?"

Clotilda aliangalia chini.

"Niliwapa mimi. Waliniuliza namba ya simu. Niliona aibu kusema sina."

"Basi ujumbe haukuruka hovyo. Ulikwenda kwenye namba uliyoitoa. Hiyo kompyuta inatunza tarehe za dawa. Haiongei na simu zote za Kagera. Wala haina habari na kadi yako ya kura. Kura yako ni yako, mzima au mgonjwa."

"Lakini wamenianika!"

"Ndiyo, na kliniki wamekosea. Walipaswa kukuuliza: simu hii ni ya nani? Nani anaisoma? Tuandike maneno gani? Hilo nitawaambia mwenyewe, tena bila kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Sasa nifanyeje?"

"Kwanza meza dawa, leo hii. Ukiruka siku, ugonjwa unapata nguvu, na dawa inaweza isikufae tena. Alhamisi nenda, waambie wafute namba ile. Huna simu? Sema huna. Watakuandikia tarehe kwenye kadi. Siku ukiweza, nunua laini yako. Utaiweka kwenye simu ya mtu unayemwamini, utasoma, utafuta ujumbe, kisha utatoa laini yako. Na uiwekee namba ya siri. Usimtajie mtu."

"Na ukoo je?"

"Nitamwita mtendaji wa kijiji. Mwijage ameacha watoto. Ugonjwa wako hauwafuti watoto."

Clotilda alifungua kopo, akameza kidonge.

Jumatano ukoo ulikaa uani kwa Rugemalira. Mtendaji alikuwepo.

"Karugendo, soma," alisema Rugemalira.

Mzee alisimama bila miwani.

"Waitu, ndugu zangu, ujumbe nimeufuta. Nilisoma kitu cha mtu bila kumwuliza. Nisameheni. Kuanzia sasa kila mtu atapewa simu asome mwenyewe. Asiyejua kusoma atachagua msomaji wake."

"Umefuta nini, wakati tumesikia wote!" Rugemalira alifoka.

Clotilda akasimama.

"Simu haina haja ya kusema," alisema. "Jumapili mlichukua siri yangu. Leo naitoa mwenyewe. Ndiyo, nina virusi. Ninameza dawa. Ninalima, ninapika, ninalea watoto wa kaka yenu. Mnaotaka kunitoa, nitazameni."

Mtendaji alikohoa, akasema kibanja ni cha watoto wa Mwijage na mama yao atakaa nao hapo. Wazee wakaafiki. Rugemalira alikaa chini, jasho linamtoka.

Alhamisi asubuhi Clotilda alishika njia ya kwenda kupanda gari la Bukoba, kulikokuwa na kliniki. Mbele yake, kando ya migomba, alimwona Rugemalira amesimama peke yake. Amekuja kumdhuru? Alitaka kurudi nyuma.

"Shemeji," Rugemalira aliita kwa sauti ndogo. "Usiogope."

Aliangalia huku na huku.

"Huko kliniki... wanataka namba ya simu ya nani?"

Clotilda alimtazama vizuri. Aliona mashavu yaliyobonyea na shati lililokuwa linampwaya. Kumbe hofu ile yote ilikuwa ya watu wawili!

"Ya kwako tu," alimjibu. "Kama huna, waambie huna."

"Sina," alisema Rugemalira.

"Haya, twende. Gari halisubiri."